Sekunde 1.99 zenye kinyota: mwongozo kamili wa kusoma na kupima muda wa gari la umeme kushika kasi

Juni 2021, mjini Fremont, California, kampuni ya Tesla ilikabidhi kwa wateja magari ya kwanza ya Model S Plaid, na tarakimu iliyotangulizwa mbele ya nyingine zote ilikuwa 1.99, yaani sekunde ambazo gari hilo la mota tatu na nguvu ya farasi 1,020 lingetumia kutoka sifuri hadi maili 60 kwa saa. Kando ya tarakimu hiyo palikuwa na kinyota, na kinyota hicho kilimpeleka msomaji kwenye tanbihi ya herufi ndogo iliyosema kwamba muda huo haukuhesabu futi ya kwanza ya mwendo. Mwezi huohuo jarida la Marekani la MotorTrend lililipima gari hilo na kupata sekunde 1.98 kwenye njia ya mashindano iliyopakwa dawa ya kunatisha matairi, kisha sekunde 2.07 kwenye lami ya kawaida, na katika vipimo vyote viwili futi ya kwanza haikuhesabiwa. Gari ni lilelile, mota ni zilezile, lakini upande mmoja tangazo limetimia na upande wa pili halikutimia.

Chanzo cha hali hii ni kwamba muda wa kushika kasi hauna mwamuzi mmoja. Umbali ambao gari la umeme huenda kwa chaji moja hutangazwa kwa taratibu rasmi zinazojulikana: WLTP barani Ulaya, EPA nchini Marekani, CLTC nchini China. Mnunuzi anaweza kuzikosoa taratibu hizo, lakini angalau anajua kwamba magari mawili yaliyopimwa kwa utaratibu mmoja yanalinganishika. Sekunde za kushika kasi hazina ulinzi huo. Kipo kiwango cha kimataifa cha ISO 8715 cha mwaka 2001, kinachoeleza namna ya kupima gari la umeme kutoka 0 hadi kilomita 50 kwa saa na kutoka 50 hadi 80, na China ina kiwango chake cha GB/T 18385, lakini hakuna kinachomlazimisha kila mtengenezaji duniani kutangaza kwa kipimo kimoja. Naona hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa, kwa sababu watu hulipa fedha nyingi kwa tofauti ya sehemu chache za sekunde ambazo wakati mwingine zimetokana na namna saa ilivyowashwa tu. Hadi litakapozibwa, mnunuzi hana budi kufanya hesabu zake mwenyewe, na hatua zifuatazo zinaeleza namna ya kuzifanya.

Hatua ya kwanza: tafuta saa inasimama wapi

Kabla ya kusoma sekunde, soma kasi. Watengenezaji wanaolenga soko la Marekani hutangaza muda wa kufikia maili 60 kwa saa, ambazo ni kilomita 96.56 kwa saa. Wale wa Ulaya na China kwa kawaida hutangaza muda wa kufikia kilomita 100. Tofauti ni kilomita 3.44 tu, lakini hutokea mwishoni mwa safari, pale ambapo gari tayari limepunguza ari ya kuongeza kasi, na kwa hiyo hugharimu muda kuliko mtu anavyodhani: takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa gari lenye nguvu nyingi sana, na sehemu mbili hadi tatu za kumi kwa gari la familia. Ukikutana na gari moja lenye sekunde 4.9 hadi maili 60 na jingine lenye sekunde 5.1 hadi kilomita 100, yachukulie kuwa sawa.

Magari madogo ya mjini yanayotengenezwa China yana desturi nyingine, nayo ni kutangaza muda wa kufikia kilomita 50 tu. BYD Seagull, kwa mfano, hutangazwa kwa sekunde 4.9 kutoka 0 hadi 50. Hilo si kosa, na kwa gari la foleni za mjini kipimo hicho kina maana kuliko kile cha 100, ila anayesoma haraka anaweza kukilinganisha na 4.9 ya gari jingine lenye nguvu mara mbili au tatu.

Hatua ya pili: tafuta saa inaanza wapi

Hapa ndipo kwenye uzito wa jambo lote, na ndipo wanunuzi wengi wanapopotea.

Katika njia za mashindano ya kukimbiza magari kwa mstari mnyooka nchini Marekani, mwale wa taa hupita chini, karibu na ardhi, mbele ya gurudumu la mbele. Dereva husogeza gari hadi gurudumu likate mwale. Saa haianzi gari linapotikisika, bali gurudumu linapokuwa limetoka kabisa kwenye mwale huo, na kwa kuwa gurudumu ni duara na mwale una nafasi yake juu ya ardhi, gari huwa limekwisha kusogea takriban futi moja, sawa na sentimita 30.48. Magazeti ya magari ya Marekani yaliurithi utaratibu huu, na hata yalipoanza kutumia vifaa vya setilaiti visivyohitaji mwale wowote, yaliendelea kuitoa futi hiyo ili vipimo vipya vilingane na vya zamani. Kwenye tanbihi za matangazo punguzo hili hutajwa kwa neno "rollout", nasi tuliite rolauti.

Sentimita 30 zinaonekana ni kitu kidogo mpaka uzipigie hesabu. Ukichukulia kwamba gari linaongeza kasi kwa kiwango kisichobadilika, muda wa kumaliza futi ya kwanza ni kipeuo cha pili cha 0.61 (mita 0.3048 mara mbili) ikigawanywa kwa mchapuko wa gari, yaani kiwango chake cha kuongeza kasi, kwa mita kwa sekunde kwa sekunde: gawanya 0.61 kwa mchapuko, halafu tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Gari linalofika kilomita 100 kwa sekunde 3 lina mchapuko wa wastani wa mita 9.26, hivyo futi ya kwanza huchukua sekunde 0.26, na gari linapoivuka tayari lina kasi ya karibu kilomita 8.6 kwa saa. Gari la sekunde 5 huhitaji sekunde 0.33 kwa hesabu hiyohiyo. Katika uhalisia muda huo huwa mfupi kidogo, kwa sababu mota ya umeme husukuma kwa nguvu zaidi mwanzoni kuliko wastani wa safari nzima, na ndiyo maana wapimaji wengi hutumia makadirio ya sehemu mbili hadi tatu za kumi. Kwa maneno mengine, tangazo lenye rolauti linaposema "sifuri hadi 60", saa haikuanza kwenye sifuri.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kwamba uzito wa punguzo hili hukua kadiri gari linavyokuwa na kasi. Kuondoa robo sekunde kwenye gari la sekunde 8 ni kuondoa asilimia 3. Kuondoa robo hiyohiyo kwenye gari la sekunde 2 na robo ni kuondoa zaidi ya asilimia 10, na ndiko kunakolivusha gari chini ya mpaka wa sekunde 2 ambao idara za masoko zinaupenda sana. Tazama majina yaliyo chini ya mpaka huo: Lucid Air Sapphire yenye sekunde 1.89 hadi maili 60, Xiaomi SU7 Ultra yenye 1.98 hadi kilomita 100, Rimac Nevera yenye 1.74 hadi maili 60 na 1.81 hadi kilomita 100. Zote zimetangazwa kwa rolauti. Watengenezaji wa Ujerumani kwa kawaida huhesabu kuanzia gari linapoanza kutikisika, na hivyo Porsche Taycan Turbo S ya mwaka 2019, iliyotangazwa kwa sekunde 2.8 hadi kilomita 100, ilionekana ya polepole zaidi kwenye karatasi kuliko ilivyokuwa barabarani.

Kanuni ya kufanya kazi ni hii: ukiona tanbihi ya rolauti, ongeza sekunde 0.25 kabla ya kulinganisha na gari ambalo tangazo lake halina tanbihi hiyo. Na usidhani kwamba kampuni moja hutumia utaratibu mmoja kwa magari yake yote. Tesla imewahi kuweka rolauti kwenye matoleo yake ya kasi zaidi huku matoleo ya kawaida ya magari hayohayo yakitangazwa bila punguzo hilo, jambo linalofanya pengo kati ya toleo la bei nafuu na la bei ghali lionekane pana kuliko lilivyo.

Hatua ya tatu: pima dai dhidi ya mshiko wa matairi

Gari haliwezi kuongeza kasi kupita kiwango ambacho matairi yake yanaishika ardhi. Ukichukua mchapuko sawa na nguvu ya uvutano wa dunia, mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde, kufika kilomita 100 kwa saa kunahitaji sekunde 2.83 na takriban mita 39 za barabara. Hivyo dai lolote lililo chini ya sekunde 2.83 bila rolauti linadai pia kwamba matairi yameshika ardhi kwa nguvu inayozidi uzito wa gari lenyewe. Hilo linawezekana, lakini kwa matairi laini ya michezo, lami safi yenye joto na magurudumu yote manne yakisukuma. Rimac ilipoweka rekodi zake mwaka 2023 kwenye uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani, ilitumia lami ya kawaida isiyopakwa dawa na matairi ya Michelin Cup 2 R, na wapimaji wa nje walithibitisha vipimo. Kampuni inayotaja uwanja, tairi na mthibitishaji inastahili kuaminiwa kuliko ile inayotaja tarakimu pekee.

Kwa mnunuzi wa kawaida, swali la hatua hii ni moja: je, matairi yaliyopatia tarakimu hiyo ndiyo yatakayokuja na gari? Mara nyingi toleo lililopimwa lina matairi ya hiari yanayouzwa kwa nyongeza.

Hatua ya nne: uliza hali ya betri na modi iliyotumika

Betri ya gari la umeme haitoi nguvu ileile wakati wote. Ikiwa baridi, au chaji ikiwa imeshuka, volti hushuka na kompyuta ya gari hupunguza nguvu ili kuilinda. Ndiyo maana tarakimu ya tangazo hupatikana chaji ikiwa juu na betri ikiwa kwenye joto mwafaka. Model S Plaid ina modi maalumu inayoiandaa betri na mota kwa dakika kadhaa na kuishusha pua ya gari kabla ya kuondoka. Taycan Turbo S ile ya 2019 ilikuwa na kilowati 460 kwa matumizi ya kawaida, na kilowati 560 kwa kitambo kifupi tu pale dereva anapotumia lonchi kontroli, yaani mfumo wa kuondoa gari kwa nguvu zote, na sekunde 2.8 zilizotangazwa ni za kilowati 560.

Tofauti hii ya nguvu ya kitambo na nguvu ya kudumu ina kipimo chake rasmi. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari hupima, pamoja na nguvu ya juu, nguvu ambayo mfumo wa umeme unaweza kuitoa kwa dakika 30 mfululizo, na nguvu hiyo huwa ndogo sana kuliko ile ya tangazo. Katika baadhi ya nchi za Ulaya ndiyo inayoandikwa kwenye hati za usajili, kwa hiyo usishtuke ukikuta hati ya gari lililotumika inataja kilowati chache kuliko ulivyosoma.

Swali linalofuata ni mara ngapi gari linaweza kurudia. Porsche ililijibu hadharani mwaka 2019, kabla ya Taycan kuzinduliwa, pale gari la majaribio lilipokimbia mara 26 mfululizo kutoka 0 hadi kilomita 200 kwa saa kwenye uwanja wa ndege wa Lahr, Ujerumani, na tofauti kati ya mara ya kasi zaidi na ile ya pole zaidi ikawa sekunde 0.8. Ningependa kila mtengenezaji atangaze kipimo cha namna hii, kwa kuwa kinamwambia mnunuzi jambo ambalo sekunde za mara moja haziwezi kumwambia.

Kumbuka pia kwamba sekunde zinaweza kuuzwa kama programu. Desemba 2019 Tesla ilianza kuwauzia wamiliki wa Model 3 Long Range nchini Marekani sasisho la dola 2,000 lililopunguza muda wa kufikia maili 60 kutoka sekunde 4.4 hadi 3.9 bila fundi kugusa gari. Anayenunua gari lililotumika aulize kama sasisho kama hilo limo, na alione kwenye skrini ya gari lenyewe badala ya kuridhika na maneno ya muuzaji.

Hatua ya tano: jaribu dai kwa hesabu ya nishati

Hesabu hii ni fupi na inafaa kuijua. Zidisha uzito wa gari kwa kilo mara 0.386, kisha gawanya kwa sekunde za kufikia kilomita 100. Jibu ni wastani wa kilowati zilizohitajika kulifikisha gari kwenye mwendo huo, bila kuhesabu upotevu wa upepo na matairi. BYD Seal inayosukumwa na magurudumu yote manne, yenye kilo 2,185 na sekunde 3.8 ambazo kampuni huzibandika kabisa kwenye mgongo wa gari, hutoa jibu la kilowati 222, nayo ina kilowati 390 za juu kabisa. Nissan Leaf ya kilowati 110, yenye takriban kilo 1,600 na sekunde 7.9, hutoa kilowati 78. Katika magari yote mawili wastani uko kati ya nusu na robo tatu ya nguvu ya juu, na hivyo ndivyo inavyotarajiwa, kwa sababu mota haifiki nguvu yake ya juu mpaka gari liwe limeshika mwendo. Ukipata wastani unaokaribia au kuzidi nguvu iliyotangazwa, ujue kwamba ama uzito, ama nguvu, ama sekunde hazijaandikwa sawasawa.

Hatua ya sita: tafuta kipimo kinachofanana na matumizi yako

Anayeendesha barabara kuu ya njia mbili, ambako kulipita lori ni kuingia upande wa magari yanayokuja, anahitaji kujua muda wa kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa. Magari ya umeme yana mota yenye gia moja kwa sehemu kubwa, na nguvu ya msukumo hupungua kadiri kasi inavyopanda, hivyo gari mbili zinazofanana kutoka 0 hadi 50 zinaweza kuachana kabisa kutoka 80 kwenda juu. Ikiwa mtengenezaji hakuitoa tarakimu hii, itafute kwenye vipimo vya majarida huru.

Kwa wakazi wa nyanda za juu kuna faida ambayo matangazo hayaitaji. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu hewa ina oksijeni kidogo, hivyo mjini Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, haiwezi kufikia sekunde zilizopimwa pwani. Mota ya umeme haipumui hewa. Gari la umeme litatoa Nairobi sekunde zilezile litakazotoa Mombasa.

Jihadhari vilevile na mashindano ya video yanayochukua nafasi ya vipimo. Novemba 2023, Tesla ilipozindua Cybertruck, ilionyesha gari hilo likivuta Porsche 911 na kuishinda Porsche 911 nyingine, na jukwaani ikasemwa kwamba ni mbio za robo maili, ilhali mbio zilizoonyeshwa ziliishia kwenye sehemu ya nane ya maili. Umbali mfupi humpendelea mwenye nguvu ya mwanzo.

Hatua ya saba: pima mwenyewe

Usipime kwenye barabara ya umma, hata usiku, hata ikiwa tupu. Tafuta uwanja wa mashindano au njia ya ndege isiyotumika, kwa ruhusa ya wenyewe, yenye urefu wa kutosha kusimama bila kukanyaga breki kwa hofu.

Usitumie spidomita. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha kasi ndogo kuliko ya kweli, lakini inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 pamoja na kilomita 4, kwa hiyo inaposema 100 gari linaweza kuwa kwenye 87 tu. GPS ya simu nayo husoma takriban mara moja kwa sekunde, na hiyo haitoshi. Tumia kifaa cha GPS kinachosoma angalau mara 10 kwa sekunde, kama vile Dragy au VBOX ya Racelogic, ukiweke mahali penye kuona anga, na ukiachie muda wa kushika setilaiti za kutosha.

Jaza upepo wa matairi kwa kiwango cha mtengenezaji, chaji betri hadi asilimia 80 au zaidi, kisha endesha kwa muda ili ipate joto. Andika chaji, joto la hewa, modi ya kuendesha na idadi ya waliomo. Kimbia mara mbili kwa kila upande wa njia, na uchukue wastani wa pande zote mbili ili kufuta athari ya upepo na mteremko. Mteremko si jambo dogo: asilimia 1 tu humpunguzia mwenye gari la sekunde 8 takriban sehemu mbili za kumi, ingawa kwa gari la sekunde 3 athari yake haifiki hata nusu ya sehemu moja ya kumi. Katika mipangilio ya kifaa, angalia kama rolauti imewashwa, na uandike vipimo vyote viwili: muda wenye rolauti na muda usio nayo.

Ukikuta muda wako umezidi ule wa tangazo kwa sehemu mbili au tatu za kumi, gari lako ni zima. Muda ukizidi kwa sekunde nzima, angalia kwanza modi ya kuendesha, joto la betri na aina ya matairi, kisha rudia siku nyingine chaji ikiwa juu zaidi. Tofauti ikibaki palepale, na hasa ikiwa gari limetumika miaka mingi, omba kituo chenye mashine ya uchunguzi kisome afya ya betri na tofauti ya volti kati ya seli zake wakati gari linapokanyagwa hadi mwisho, kwa maana seli moja iliyochoka huifanya kompyuta ipunguze nguvu ya pakiti nzima.